Viatu vya Ski vya Mama

Jumamosi, 5 Julai 2025
Mama anataka kwenda kuteleza kwenye theluji. Mama yangu! Bi Mayasa wa Tanga, ambaye tangu atue Joburg analala na soksi pea mbili! Mume wangu Ishaka alitaja tu mezani kwamba kazini kwao wanakwenda milimani Lesotho wikiendi ijayo, familia zinakaribishwa. Mama akaweka kijiko chini. Na yeye yumo, kasema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tangu Baba afariki, hili ndilo jambo la kwanza kuomba. Nitamkatalia vipi? Lakini lile goti lake bovu — eish.

Jumanne, 8 Julai
Tumekwenda kukodi viatu. Mhudumu wa duka ni Mkongo wa Bukavu, Gaël. Mama moja kwa moja kwenye vile vyekundu, vigumu kama ndoo ya bati. Kiatu imara ndicho kitakacholinda goti, kasema. Na mimi nikaunga mkono! Gaël akatikisa kichwa: "Mama, ile ni ya wenye wanajua sana, wanashuka mbio. Vaa, ujaribu kupinda."

Kavaa. Kasukuma ugoko mbele — wapi! Kiatu hakikutikisika. Uso umemkunjamana. Goti!

Kaletewa vya bluu, laini. Kapinda, kiatu kikapinda naye, kisigino kimetulia palepale. Vidole viligusa mbele aliposimama wima. Alipopinda vikapata nafasi. Sharp, safi kabisa, kasema Gaël.

Mama kanuna. "Kwa hiyo vya watoto ndivyo vyangu?"
"Vya mtu anaanza, Mama."

Kavitazama tena miguuni. Halafu polepole, kama anajiambia mwenyewe: haya, tuanze.

Nimelia kidogo kwenye gari. Sijui kwa nini. Yeye alikuwa anavicheka vile viatu njia nzima!

Jumamosi, 12 Julai, Lesotho
Baridi! Naandika na glavu, mwandiko kama kuku kaparura. Mama kaanguka mara mbili, kacheka mara mbili. Goti zima! Ishaka, aliyekodi vigumu kwa kujionyesha, yuko pembeni anavifungua, miguu inamuwaka.

Sasa mwalimu anasema Mama ashuke mteremko mdogo peke yake. Peke yake! Nimekuja nikakaa hapa chini kidogo, nimdake. Nimempigia kelele asubiri, nivae vyangu, tushuke wote.

Hasubiri. Anapinda magoti. Ananitazama mimi, si chini.

"Fauzia, mwanangu — toka njiani!"