Maziwa ya Kopo Ninayoyaita Yangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba sitara, kwamba ukiitoa barua hii ubadilishe kazi yangu na jina tunalomwita mtoto, kwa sababu mama mkwe wangu hulisoma gazeti hili lote mpaka matangazo ya viwanja, na ukurasa wako ndio anaoanza nao, anavaa miwani yake na kusema haya tuwaone leo waliojitakia, halafu anacheka peke yake.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume wa miezi mitano, ambaye bibi yake alimpachika jina la Bwana Mkubwa tangu siku ya kwanza kwa sababu alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyecheleweshewa chai. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka, ile yenye rola ndefu ya moto, ambayo lazima muihudumie wawili, mmoja anaingiza shuka huku na mwenzake analipokea kule, kwa hiyo mmoja akitoka hata kidogo mashine inasimama, mashuka yanalundikana, na msimamizi anakuja kusimama nyuma yenu akiangalia saa. Niliporudi kazini baada ya uzazi nilikuwa natoka kwenda kukamua maziwa kwenye stoo ya taulo, na kila nikirudi namkuta mwenzangu amenuna, mpaka siku moja akaniambia, "Shoga, nakuonea huruma, lakini wewe ukienda kukamua, huku ninayekamuliwa ni mimi." Tulicheka wote wawili ila sikwenda tena, nikawa nafanya kazi matiti yamejaa mpaka yanauma, blauzi inalowa, joto la rola linaikausha, inalowa tena, halafu ikafika wakati haikulowa. Nilianza kuhangaika kunywa uji na supu na kila nililoambiwa, lakini nikikamua yanatoka matone ya kulowesha kijiko tu, na mtoto akilala kwenye titi ananyonya, anatulia, ananyonya, halafu anaangua kilio.

Sasa hapo ndipo anapoingia mama mkwe, na naomba usimfikirie vibaya maana sina baya la kumsema, aliacha nyumba yake akaja kukaa nasi ili amlee mjukuu nami nirudi kazini, anafua nepi, anapika, anamwogesha na kumwimbia, na wageni wakija anawaambia mke wa mwanangu si mchezo, maziwa anayo ya kulea mapacha. Lakini mama huyu kifungua mimba wake alikufa. Aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakatika, ndugu wakamshauri ampe mtoto maziwa ya kopo, na yule mtoto akaharisha mpaka akafa mikononi mwake, na tangu hapo akiona kopo la maziwa ya watoto dukani hubadilisha upande, na siku Bwana Mkubwa alipozaliwa alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuombi kitu kingine katika dunia hii. Kopo lisiingie ndani ya nyumba hii."

Nilimweleza mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti, na jioni yake akarudi na kopo amelifungia ndani ya ovaroli. Akaniambia, "Mpe, lakini Mama asijue. Ukimwambia presha itampanda, tutauguza wawili." Basi nikalificha ndani ya sanduku la nguo zetu za harusi, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini najifungia chumbani, nawasha ile pampu ya kukamulia ili ingurume isikike sebuleni, na huku inanguruma kwenye hewa mimi nakoroga maziwa ya kopo kwa maji ya chupa ya chai, najaza chupa zote nne za mtoto, nazima pampu, natoka nazo. Mama huzipokea kwa mikono miwili. Husema, "Mungu akuzidishie, mwanangu," na mimi naitikia amina, mshauri, kwa kinywa hiki hiki.

Na jinsi anavyoyatunza ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu muuguzi wa kliniki alituambia kwamba maziwa ya mama yakikamuliwa yanaweza kukaa nje saa kadhaa yasiharibike, na Mama yeye akalishika hilo kama aya, kwa hiyo haweki chupa kwenye friji, anasema baridi itamkereketa mtoto kifua, anazipanga mezani, na Bwana Mkubwa akinywa akibakiza, Mama hathubutu kumwaga, anafunika kwa kitambaa safi, na akiamka anampa tena ile ile, hata jioni nikirudi naikuta chupa ya asubuhi ina vidole viwili vya maziwa chini, naye anamsubiri mtoto aimalize, ananiambia, "Jasho la mwenzio halimwagwi. Najua unavyoyahangaikia."

Wiki iliyopita mtoto akaanza kuharisha. Tulimpeleka kliniki, mimi na Mama, na daktari alipouliza mtoto anakula nini, Mama akajibu kabla sijafungua mdomo, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje, "Maziwa ya mama yake tu, daktari. Hajawahi kuonja kingine." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mtoto yuko mapajani mwangu, ulimi ninao, nikatazama viatu vya daktari. Daktari akafurahi, akamsifu Mama, akatupa pakiti za kuchanganya na maji, akasema tusimwachishe, tuzidishe hayo hayo maziwa ya mama. Na Mama amezidisha. Tangu siku hiyo mtoto akitikisika tu, chupa.

Leo nimemwacha nyumbani hajakunja uso. Ananitazama tu kama mtu anayenitazama akiwa mbali, akilia machozi hayatoki, nepi ya usiku nimeivua kavu, na pale utosini pamebonyea kidogo. Mama alikuwa anamnyonyesha chupa huku anasema usijali, maziwa yako yatamwinua. Nakuandikia nikiwa stoo ya taulo, mwenzangu ananisubiri. Naomba uniambie, je, hii ni adhabu yangu kwa kusema uongo, au hili kopo halipatani na damu yake nibadilishe aina nyingine, au kuna dawa ya kurudisha maziwa kwa haraka niyarudishe kimyakimya bila Mama kujua kwamba yalikatika? Kwa sababu nikimwambia, atajua kuwa kwa mikono yake mwenyewe amekuwa akimpa mjukuu wake kile kile kilichomuua mwanawe, na mimi ndiye niliyemkabidhi. Naona giza mbele na nyuma, mshauri.

Mpiga pasi wa mashuka

JIBU

Wewe mpiga pasi, pole. Hiyo ndiyo pole yako yote kwa leo, nyingine nitakupa mtoto akishapona.

Barua za ukurasa huu hujibiwa kwa zamu, na yako ilikuwa chini ya rundo la watu wanaogombana na wenye nyumba na waume wasioonekana nyumbani. Nimeichomoa. Nimempigia daktari wa watoto ninayemfahamu, nikaanza kumsomea pale penye nepi kavu na kilio kisicho na machozi, wala hakuningoja nimalize. Akasema, "Huyo mtoto maji yanamwishia mwilini. Yuko wapi?" Nikamwambia sijui. Hukuandika namba ya simu, mwanangu, hukuandika hata mtaa. Umejificha vizuri mpaka wa kukusaidia hakuoni.

Unauliza kama ni adhabu. Acha kumsingizia Mungu. Unauliza kama kopo halipatani na damu ya mtoto. Kopo halina ugomvi na damu ya mtu. Watoto wengi wamekuzwa na kopo na leo ni majitu yanayopita bila hata kukusalimu. Maziwa yako yalikatika kwa sababu ulisimamishwa mbele ya rola la moto kutwa nzima na hukupewa nafasi ya kukamua, na aibu ya jambo hilo ni ya hoteli. Kumpa mtoto maziwa ya kopo hukukosea hata kidogo.

Ulikosea kuyaita yako. Yule muuguzi alizungumzia maziwa ya mama. Ya kopo yakishakorogwa si ya kukaa mezani, na mtoto akishayatia mdomo yaliyobaki ni ya kumwaga papo hapo. Mama mkwe wako hajui. Yeye anatunza jasho lako kwa kitambaa safi, na chini ya kitambaa maziwa yanachacha, anampa mtoto asubuhi, mchana na jioni, na kadiri anavyokupenda ndivyo anavyozidi kumpa. Halafu ukampeleka mtoto kwa daktari, ukamwacha daktari atibu mtoto mwingine, wa kwenye maneno ya bibi. Uliogopa kumuumiza mama wa watu, na sasa anayeumia ni mtoto asiyejua hata kusema kiu. Nimekasirika, na sitaki kukuficha hilo.

Mume wako naye. Fundi wa lifti, anayeaminiwa na watu waning'inie juu kwa kazi ya mikono yake, ameshindwa kumwambia mama yake mzazi sentensi moja. Nikimpata nitamwambia mwenyewe.

Sasa sikiliza. Usitafute dawa ya kurudisha maziwa, hiyo ni habari ya baadaye na yupo muuguzi atakayekusaidia. Mwaga kila kilichomo kwenye chupa. Mchukue mtoto umpeleke hospitali, sasa hivi, usingoje zamu iishe, na rola liungue likitaka. Njiani mnyweshe yale maji ya pakiti kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akitapika ngoja kidogo uendelee. Ukifika usisubiri kwenye foleni, sema kwa sauti mtoto hakojoi. Kisha umwambie daktari kinywaji chake ni nini, kinakorogwa na nini, kinakaa wapi na kwa muda gani. Ukweli wote, usimpunguzie. Akitoka salama, endelea na kopo bila kujificha: maji yaliyochemka, chupa zilizochemshwa, kipimo kilichoandikwa, unakoroga ya kunywewa wakati ule tu na yanayobaki unayamwaga.

Na Mama, utamwambia hivi: "Mama, ni ya kopo. Twende." Usiongeze kitu. Atapiga kelele, na ana haki. Apige kelele mkiwa njiani.

Hayo ni yako, kama utayasoma. Lakini siku zimepita tangu uandike, na mtu anayeandika barua akiwa amejificha stooni huenda hata gazeti analisoma kwa kuliogopa. Nimekaa na barua yako mezani nikijiuliza nitakufikiaje. Hukuniachia namba, lakini umeniachia msomaji. Uliniomba nibadilishe kazi yako na jina la mtoto. Sijabadilisha hata nukta. Unichukie, nimekubali, na wengine mtakaoniandikia kesho mjue mapema, ningelifanya tena.

Basi naomba niseme na wewe, mama mwenye miwani, unayeanza na ukurasa huu.

Shikamoo, Mama. Leo usicheke. Mke wa mwanao anafanya kazi kwenye mashine ya mashuka, na mjukuu wako unamwita Bwana Mkubwa. Ni nyinyi. Zile chupa nne za mezani ni maziwa ya kopo, na yamekaa sana, na ndiyo yanayomharisha. Aliyekuficha alikuficha kwa kukuogopea moyo wako, kwa sababu anajua ulichozika. Wewe hujaua mtu, Mama, si wakati ule wala sasa. Wakati ule hukuwa na wa kukwambia mapema. Mimi nakwambia.

Ugomvi na mkweo uuweke, hautaharibika. Gazeti liache hapo hapo lilipo, usimalize. Mwangalie mtoto nepi, kisha mbebe.