Nani Kawalisha Samaki?

Jumatatu, 3 Machi

Mwani tena! Nimerudi kazini, hata viatu sijavua, nikapiga magoti mbele ya tangi la samaki kama mtu anayeomba msamaha. Lile jiwe la katikati limeota nywele. Nywele hasa — za kijani, ndefu, zinapepea kwenye mkondo wa pampu kama tangazo la shampuu. Juzi tu nililisugua kwa mswaki wa zamani wa mume wangu. (Mswaki ndio wa zamani. Mume ni yuleyule.)

Nimepima maji. Naitreti, mbolea ya mwani, iko juu. Fosfeti ndiyo usiseme — kichupa kilitakiwa kiwe waridi hafifu, kimekuwa zambarau kama mtu aliyekabwa koo.

Sielewi. Samaki ni watano tu. Nawapa chakula kidogo, wanakimaliza, wanajisaidia kwa adabu. Mwani hauoti kwa uchawi, unakula mabaki: chakula kisicholiwa, kinyesi, vilivyooza. Sasa mabaki gani hayo, na ya nani?

Mume wangu kasema labda ni taa. Kwake yeye kila kitu ni taa. Gari likikataa kuwaka — taa. Mimi nikinuna — taa.

Jumatano, 5 Machi

Nimebadilisha sehemu ya maji. Ndoo, chumvi, mpira, kukoroga, sakafu chapachapa. Baba mkwe akainua miguu nipite na deki, akasema pole mama, bahari ina kazi kweli kuiweka nyumbani.

Ana miezi miwili hapa tangu afiwe na mama mkwe. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni maisha yake yote, watoto mia sita wakisubiri na sahani. Kustaafu kastaafu, mkono wake haujapata taarifa. Akiambiwa apike supu ya watu watatu anaomba sufuria kubwa zaidi. Friji yetu imejaa mabakuli hadi siagi imehamia dirishani.

Lakini mtu mwema. Kila nikirudi kutoka hospitali ananiuliza leo nimepiga picha mifupa ya nani. Leo ilikuwa ya bwana mmoja aliyemeza kifuniko cha kalamu. Baba kacheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Konokono wa kula mwani wamewasili. Nimewaweka juu ya jiwe lenye nywele nikawaambia haya, karamu yenu. Wamekaa. Mmoja kapanda kioo, kaning'inia pembeni kama mlinzi aliyelala lindoni.

Tumbawe langu la kijani, lile lenye vidole, limefunikwa nusu. Limejifunga. Nimelilea tangu likiwa dogo kama kifungo cha shati. Likifa nitavaa nyeusi, na atakayecheka nitamkumbuka.

Jumatano, 12 Machi

NIMEMKAMATA!

Kichwa kiliniuma, mkuu wa idara akaniruhusu nirudi nyumbani mchana. Nafungua mlango taratibu — nasikia mtu anaongea sebuleni. "Wewe umeshakula, mpishe mwenzio. Wewe njano! Una roho mbaya wewe!"

Baba mkwe. Mbele ya tangi, kifuniko wazi, sahani mkononi. Yai la kuchemsha! Kalisaga kwa uma, anamwaga kwa kijiko, samaki wameshamzunguka kama wanafunzi mlangoni pa bwalo. Pembeni, tayari kwa duru ya pili: mkate.

Mkate. Ndani ya maji ya chumvi niliyoyapima kwa matone kama dawa ya mtoto.

Nikabana sauti. "Shikamoo Baba."

"Marahaba mama! Mbona mapema? Njoo uone, hawa viumbe wana njaa!"

Nitasema nini? Angekuwa mume wangu ningemvisha sahani kichwani. Huyu ni baba mkwe. Nikasema ninaumwa kichwa, nikaenda kulala. Sikulala. Nilitazama dari nikihesabu mayai.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mume wangu aongee na baba yake. Akasema ni kweli, jambo hili linahitaji hekima. Nikasema basi itumie. Akasema mwambie wewe, wewe ndiye unayejua mambo ya samaki. Nikasema ni baba yako. Akasema ni mkweo. Tumerushiana mzee wa watu kama viazi vya moto mpaka supu ikapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejitia ujasiri. "Baba, samaki hawa wanashiba upesi. Chakula kikizidi maji yanachafuka." Akaitikia kwa kichwa, makini kabisa. Kaelewa, nikajipongeza.

Mchana nimekuta punje za wali nyuma ya jiwe. Zimepangwa vizuri — zimefichwa! Kumbe alichoelewa ni kwamba nisimwone.

Jumanne, 18 Machi

Wifi kapiga simu. Dada mkubwa wa mume wangu, meneja mahali fulani, anaongea kama anafunga mkutano. Akauliza hali ya Baba. Mimi nilikuwa na mkono ndani ya tangi hadi kwapani, nang'oa mwani kwa vidole, maji yananichuruzika hadi kiunoni. Nikafunguka. Nikasema nalea mtoto wa miaka sabini, tena mtundu. Nikasema ananichosha. Nikasema na mengine ya utani, na mimi utani wangu hauna breki.

Wifi hana utani. Akasema: "Nimekuelewa."

Alhamisi, 20 Machi

Alivyonielewa ndivyo alivyompigia baba yake. Kamwambia amesikia anamchosha mkwe wake, kwa hiyo atakuja kumchukua, chumba kipo. Baba kanieleza mwenyewe, kasimama mlangoni pa jikoni, kashika kofia.

"Mama, sikujua kama nimekuwa mzigo. Nisamehe kwa wale samaki."

Nikasema Baba, hapana, sikusema hivyo. Akasema si kitu. Akaosha kikombe chake, akakikausha, akaenda chumbani.

Nilisema hivyo. Hivyohivyo. Neno likitoka halirudi, hata ulivute kwa winchi.

Jumapili, 23 Machi

Tangi sasa ni langu peke yangu. Nimeingia kazini kwelikweli! Nimenunua dawa ya kunyonya fosfeti, punje rangi ya kutu. Mwenye duka la samaki wa mapambo — mdomo wake haujawahi kulala — kasema weka robo kikombe uanze taratibu. Nimeweka kikombe. Taratibu ni ya watu wasio na hasira.

Taa nimezima siku nzima. Mawe nimeyasugua mpaka mkono umekufa ganzi. Nimefyonza uchafu chini hadi nikafyonza konokono mmoja kwa bahati mbaya. (Kapona. Kanitazama vibaya.)

Baba hajaja sebuleni leo. Siku hizi anabisha hodi. Sebuleni! Mlango wenyewe hauna.

Jumamosi, 29 Machi

Nywele zimekatika! Jiwe limebaki na upara. Maji meupe, utadhani samaki wanaelea hewani. Naitreti sifuri. Fosfeti sifuri. Nimemwonyesha mume wangu kichupa, akasema kipo tupu. Nikasema HAKIPO tupu, hayo ndiyo matokeo!

Nyumba kimya. Friji ina nafasi. Baba anakula robo ya sahani, anashukuru, anaondoka. Anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja namba yake iitwe kwenye ofisi ya watu. Tumerudi kwenye mkate na chai, na mume wangu kanitazama kwa jicho la yatima.

Jumatano, 2 Aprili

Tumbawe la kijani si la kijani. Limekuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Lingine, la mviringo, linaanza kuonyesha mfupa. Mimi mifupa naijua, na huu si wa kuonekana.

Na mchangani kuna kitu. Cha kahawia. Kinateleza, kina mapovu madogo ndani, kinavutika. Nakiita kwa jina lake halisi: kamasi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kamasi kila mahali! Asubuhi nalifyonza, nikirudi jioni limerudi kabla yangu. Konokono wawili wamekufa. Yule mlinzi wa kioo pia. Nimemsema sana, sasa naona vibaya.

Nimeongeza dawa. Nimebadilisha maji tena. Nikisafisha zaidi, linastawi zaidi. Kama umbea.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempelekea mwenye duka picha kwenye simu. Akazitazama, akaniuliza fosfeti ikoje. Nikasema sifuri, kifua mbele.

"Sifuri?"

"Sifuri!"

Akaita mkewe aje aone. Walicheka wote wawili, nikajiona kama yule bwana wa kifuniko cha kalamu. Kisha akaniambia: matumbawe nayo yanakula, mama. Umefagia nyumba mpaka umefagia na chakula. Mwani wa kawaida umekufa njaa, matumbawe yako yanaifuata njia hiyohiyo, na nafasi yao imechukuliwa na hili jambazi linaloweza kuishi pasipo na kitu. Toa hiyo dawa. Acha kubadilisha maji kwa sasa. Lisha! Kidogo, mara kadhaa kwa siku, na vitu vya baharini.

"Mara kadhaa kwa siku? Mimi niko kazini."

"Nyumbani hakuna mtu?"

Wala usinianzie mafumbo, daftari. Nimeyaona. Nimeyaona tangu dukani, nikapitwa na kituo changu nikiyatazama.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijasema. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Mara ya pili alikuwa anakunja mashati. Mara ya tatu alikuwa hafanyi lolote, kakaa tu kitandani mikono magotini, na hiyo ndiyo iliyonishinda zaidi.

Nimemwomba mume wangu awalishe mchana akipita. Kawalisha. Kapunguza dozi kwa hofu, kawapa kitu kama chembe ya mchanga. Yule wa njano kapiga kioo kwa kichwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Wifi anakuja Jumapili. Kaandika: "Awe tayari." Kama kifurushi.

Nimemuuliza mume wangu anataka baba yake aende? Akasema, polepole, bila taa na bila hekima: "Kule atakaa peke yake kutwa. Dada anatoka alfajiri." Nikasema sasa mbona hukusema? Akasema: "Nilidhani wewe ndiye umechoka."

Tukakaa. Hakuna aliyemrushia mwenzie kitu.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika jikoni, nimesimama, kwa haraka. Mkono una harufu ya kamba wa baharini.

Asubuhi nimegonga mlango wa Baba. Begi limefungwa, kitanda kimetandikwa kama cha hoteli. Nimemwambia:

"Baba, samaki wana njaa."

Akatazama sakafu. "Si ulisema wanashiba upesi?"

"Nilisema. Nikasafisha maji mpaka nikawanyima kila kitu. Matumbawe yanakufa. Wanatakiwa wale kidogokidogo kutwa, mimi sipo, na mwanao anawalisha kama anatia chumvi kwenye jeraha. Nisaidie Baba."

Nikatoa na lile lingine. "Na niliyomwambia wifi — nilisema vibaya. Si mzigo. Nilikuwa nimelowa tu, nina hasira na mwani."

Akashika mkono wa begi. Nikafikiri yamekwisha. Halafu akauliza:

"Wanakula nini?"

"Kamba wadogo walioganda. Unawayeyusha kwanza."

"Na yai?"

"Yai hapana, Baba."

"Kiini tu?"

"BABA."

Akavaa kofia. Akaivua. Akakunja mikono ya shati la safari, lile jeupe alilolipigia pasi kwa ajili ya wifi, akanipita, akaenda sebuleni. Hakubisha hodi! Akainama akatazama lile kamasi kwa muda mrefu, akasema jiko limeachwa hivi kwa mwezi mzima? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaomba kikombe, na kitu cha kuchujia.

Hapo wifi akapiga honi.

Kaingia na miwani kichwani, ufunguo mkononi, gari linaunguruma nje. Mume wangu alishalitia begi kwenye buti — mwanamume huyu, siku aliyoamua kufanya jambo upesi! Wifi anasema Baba twende, foleni itatukuta. Baba hajageuka. Wifi kasema tena, kwa sauti ya mkutano. Baba, mgongo kwetu, kijiko hewani:

"Shusha sauti. Wanakula."

Wifi kanigeukia mimi. Kwa kunong'ona, kwa ukali: si wewe uliyesema umechoka? Sasa hii ni nini? Kaniambia nimweleze baba yake vizuri, mbele ya wote, nataka abaki au aende, maana yeye hawezi kuja kila Jumapili. Nimesema nakuja, naosha mikono. Ndiyo hii nanawa, kwa kalamu.

Mume wangu katoka nje. Nasikia buti linafunguliwa. Sijui anatoa begi au anapanga vizuri.

Wananiita. Wote wawili kwa pamoja. Wifi anataka jibu. Baba anataka bakuli jingine — anasema yule mdogo wa nyuma ya jiwe hajapata kitu, wakubwa wanamsukuma, na yeye haondoki mahali hapa wakati kuna mmoja hajala —