Kwa Baba Yetu Sostenes Mughwai, Rubani Aliyeona kwa Mikono

Mvua za kwanza zimeanguka tena Mungaa, Baba, na mwaka umetimia tangu tukulaze kwenye udongo wa shamba lako, upande wa juu, mahali ulipopachagua mwenyewe. Majirani wameanza kupanda. Mama naye amepanda. Ametutuma sisi wanao tukuandikie, maana yeye anakuambia mwenyewe akiwa shambani, na mengine anasema si ya kuchapishwa.

Wasiokufahamu tuwaambie kwanza kwamba kabla ya kuwa mkulima wa alizeti ulikuwa rubani wa ndege za kivita. Ulitoka kijijini hapa ukiwa mchunga ng'ombe, ukaingia jeshini, ukafundishwa kurusha ndege ambazo wenzako wa rika lako walizijua kwa mlio tu. Ulipostaafu hukutaka mji. Ulirudi na Mama na tabia zako zote. Viatu vilipigwa rangi kila jioni, hata kama kesho yake ni kwenda kuangalia mbuzi. Asubuhi ulitoka nje kutazama anga kabla ya kusema na mtu. Mtoto akikuamkia shikamoo, ulisimama kwanza ndipo ukaitikia.

Na gari lako lile bovu lilibeba wajawazito wa kijiji hiki usiku na mchana. Wengine walijifungulia humo humo njiani, na wewe ukisimama pembeni ya barabara umegeuka kuangalia porini, ukimwita Mungu na Mama kwa pamoja. Kuna kijana hapa Mungaa anaitwa Sostenes kwa sababu hiyo.

Halafu macho yakakuacha.

Daktari aliuita ugonjwa huo presha ya macho. Pembeni kulianza kufunga kama pazia linavutwa, ukanyamaza nalo, na tulipokupeleka hospitali tuliambiwa kilichopotea hakirudi. Kilichobaki nacho kikaisha polepole. Siku uliyomuuliza Mama, "Mama Janeth, mbona hujawasha taa?" jua lilikuwa limeshapanda na kuku walikuwa wanatafuta kivuli.

Baada ya hapo uligeukia ukuta. Uliacha kanisa. Viatu vikakaa chini ya kitanda na vumbi lake. Wazee wenzako walikuja kukujulia hali, ukawaitikia kwa kukohoa. Mama alikuletea chakula, akakichukua kama alivyokileta. Na siku moja ulimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia bei ya alizeti, "Mimi nimeshatua. Nimebaki kuzima injini tu."

Mama hakutuambia maneno hayo wakati ule. Alikuelewa, akaanza kuficha vitu. Kamba za ng'ombe alizihamishia kwa jirani, akidai panya wanazitafuna. Dawa ya kunyunyizia vitunguu nayo ikaenda huko huko. Kisimani alikwenda na kurudi mbio, ndoo imemwagika nusu. Usingizi wake ukawa wa sikio moja. Sisi tulipopiga simu alisema, "Baba yenu yupo, anapumzika," na sisi tukaamini, kwa sababu tulitaka kuamini.

Leonard, mwanao wa pili, anatengeneza kompyuta Singida mjini na ana chumba ambacho vijana wanakuja kucheza gemu. Alifika siku moja na pikapu ya kukodi. Nyuma kulikuwa na kiti cha lori kilichofungwa juu ya fremu ya vyuma, kazi ya Fabiano, fundi wa kuchomelea wa Mkiwa, na chini ya fremu zilikuwepo mota ambazo zamani zilisukuma waipa za mabasi. Kulikuwa na kompyuta, spika, na usukani wa mkono wa kuchezea gemu za ndege za kivita, wa mtumba, alioutafuta Dar es Salaam hadi akaupata.

Usukani huo una mota zake ndani. Ndege ya kwenye kompyuta ikiongeza kasi, unakuwa mzito mkononi. Ikitaka kuanguka, unatetemeka. Ikipigwa risasi, unakuvuta kama ndama anayekataa kamba. Na kiti kinaifuata ndege: kinainama, kinainuka, kinakusukuma mgongoni.

Mama alisimama mlangoni, mikono imeshika kiuno.

"Leonard, baba yako haoni. Wewe unamletea gemu?"

"Hatarusha kwa macho, Mama."

"Atarusha kwa nini sasa?"

"Tujaribu," alisema. "Akikataa, narudi navyo leo leo."

Mama aliogopa. Siyo kwamba utakataa, kukataa alishakuzoea. Aliogopa kwamba utakaa kwenye kile kiti mbele ya wajukuu na majirani waliokwisha kujaa dirishani, utashindwa, na kushindwa huko ndiko kutakuwa kwa mwisho.

Ulikaa kama mtu anayetii amri. Leonard aliiwasha, akairusha ndege yeye mwenyewe kwa vitufe, nawe umeweka mkono tu juu ya usukani, umelegea. Akainua pua ya ndege kupita kiasi. Usukani ukaanza kutetemeka.

"Shusha pua," ulisema.

Leonard akakutazama.

"Shusha pua, inakosa upepo. Itaanguka." Na mkono wako ulikuwa umeshasukuma mbele kabla hujamaliza kusema. Mtetemo ukaisha. Kiti kikatulia.

"Nani amekuambia, Baba?"

"Mkono."

Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Hakuwa amekusikia ukisema maneno mengi namna hiyo tangu mavuno.

Lakini mkono haujui kila kitu. Haujui ardhi iko mbali kiasi gani wala uwanja uko upande gani. Lazima mtu akusomee namba, na Leonard alikuwa na kazi yake mjini. Kwa hiyo Mama yetu Magdalena, aliyeishia darasa la saba na hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege, akafundishwa mahali pa kutazama. Hapa ni mwendo. Hapa ni kimo. Huu ni uwanja, ule mstari wa kijivu.

Mlianguka sana. Mlianguka milimani, mlianguka baharini, mliangukia uwanja wenyewe. Umeme ulipokatika, kiti kilidondoka kama gunia nawe juu yake, na mlilaumiana kwa Kinyaturu hadi majirani wakasikia. Katekista Calist aliomba kujaribu, akashuka akiwa ameshika tumbo, akakaa chini ya dirisha hadi jioni. Lakini ulikuwa bado hujaanza kula vizuri, na kamba za ng'ombe zilikuwa bado kwa jirani. Mama alikuwa anahesabu hilo peke yake.

Kisha ukadai adui. "Nilifundishwa kupigana," ulimwambia Leonard kwenye simu. "Sikufundishwa kuzurura angani." Leonard akamwelekeza Mama kitufe cha kubonyeza.

Yaliyofuata Mama ametusimulia mwenyewe, na ametupa ruhusa tuyaseme.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana ambacho hukukigusa. Mliruka vizuri. Halafu Mama akaona alama ndogo inawakaribia.

"Yuko wapi?" uliuliza.

"Nyuma yetu."

"Kulia au kushoto?"

"Nyuma, Baba Janeth. Nyuma kabisa."

Kiti kiliruka. Usukani ukakuvuta kushoto kwa nguvu. "Tumepigwa bawa," ulisema, ukaushikilia kidogo. Halafu ukauachia. Mikono ukaiweka mapajani.

"Iache," ulimwambia.

"Niiache vipi?"

"Iache ianguke, Mama Janeth. Nimechoka."

Mama aliijua ile sauti. Ilikuwa ile ile ya kuzima injini. Angeweza kuchomoa waya ukutani na mambo yakaisha. Anasema wazo hilo lilimjia, na lilimwogopesha kuliko kuanguka kwenyewe, maana ungebaki na jibu lako lile la kuacha kila kitu kianguke. Akapiga magoti kando ya kiti, akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Usukani ulimvuta. Kiti kilimpiga begani, kikampiga tena. Yeye ni mwanamke wa jembe na kinu, lakini kitu kile kilimburuta.

Hapo alikuita jina lako, ambalo sisi wanawe hatujawahi kulisikia kinywani mwake.

"Sostenes, inanishinda. Mimi siwezi peke yangu. Njoo unisaidie."

Namba za kimo zilikuwa zinashuka na Mama hakuzisoma tena. Halafu mikono yako ikaja, ikatafuta ya kwake, ikakaa juu yake.

"Usishindane nayo," ulisema. "Ikivuta, ifuate kidogo, ndipo uirudishe. Hivyo. Soma kimo."

Akasoma.

"Mwendo."

Akasoma.

"Uwanja unauona?"

"Naona. Mwembamba kama uzi."

"Unatutosha."

Hamkuufikia. Mlitua kwenye majani kabla ya uwanja, kwa tumbo, na kiti kikawatikisa hadi meno yakagongana. Halafu kila kitu kikatulia. Mlibaki vile vile, mikono juu ya mikono, jasho linawatoka.

"Imeandika nini?" uliuliza.

"Imeandika ndege imeharibika."

"Na rubani?"

Mama alisoma polepole ili asikosee. "Rubani mzima."

Ulivuta pumzi, ukaitoa. Ukasema, "Mama Janeth, kile chakula bado kipo?"

Kilikuwa ugali wa mtama uliopoa na mlenda. Ulikula ukamaliza, ukafuta bakuli kwa kidole. Mama alitoka nje, akapita nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni uliomkata shingo. Alipomaliza kulia alikwenda kwa jirani kuchukua kamba zake. Jirani akamuuliza, "Panya wameisha?" Mama akasema wameisha.

Jumapili iliyofuata ulidai rangi ya viatu.

Hatutasema kwamba kiti cha Fabiano kilikuponya. Macho hayakurudi, na zilikuwepo siku ulizoamka mzito hata baadaye. Lakini uliamka. Ulirudi kanisani umeshika bega la mjukuu wako Lucy. Ulirudi shambani ukapapasa vichwa vya alizeti kimoja kimoja, ukajua kipi kimekomaa. Wazee waliokuja kukujulia hali sasa walikuja kukusikiliza ukitua, na Mama aliyesoma namba alikuwa mkali kwao: akiwa kazini hakutaka kelele. Mlirudi kugombana, mkicheka, mkilaumiana ni nani aliyewaangusha. Kwa sisi watoto ilikuwa kama kurudishiwa wazazi wote wawili, maana tulikuwa hatujajua kwamba Mama naye alikuwa amepotea.

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, moyo wako ukaanza kuchoka. Tulikupeleka hospitali Singida. Janeth, mwanao wa kwanza, ambaye ni muuguzi, aliziona dalili akajua, akawa anatoka nje kila mara eti kupiga simu. Wewe ulikuwa na swali moja tu kwa daktari.

"Daktari, nitawahi kupanda?"

Daktari alikuwa kijana mwema. Alikushika mkono, akasema, "Tutajitahidi, Mzee."

"Jitahidini," ulimwambia. "Msimu huu nataka alizeti yote iwe upande wa chini. Halafu huyu Lucy anamaliza darasa la saba, nataka kuwepo."

Ulimpangia Mama kazi hadi mvua za Machi. Mbegu zipi, ng'ombe wa nani aazimwe, mlango wa banda utengenezwe. Uliomba dirisha lifunguliwe usikie harufu ya mawingu. Ukamwambia Janeth uji ni mwembamba mno, auongeze unga, kwa sababu mtu anayetaka kupona hanywi maji. Uliongea hadi sauti ikawa ndogo, na alasiri ya siku ya pili ukaondoka huku Mama amekushika, na uji mzito ukingoja kwenye kikombe.

Msibani watu walimpa Mama maneno wanayopewa wajane wote. "Pole, Mama Janeth. Mzee amepumzika. Alikuwa amechoka."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na khanga yake kichwani. Aliwaitikia wote kwa adabu. Lakini hilo la mwisho hakuliacha lipite. Alimrekebisha kila aliyelisema, mmoja baada ya mwingine, taratibu, macho yamevimba na uso umetulia kuliko uso wa mtu yeyote pale uwanjani.

"Hapana," aliwaambia. "Hakuwa amechoka. Alitaka kubaki."

Unakumbukwa na mkeo Magdalena. Wanao Janeth, Leonard na Damiani. Wakwe zako, wajukuu zako wakiongozwa na Lucy. Ndugu zako wa Mungaa na Kinampanda. Rafiki yako Fabiano wa Mkiwa. Na waumini wa kigango chetu. Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Jumapili asubuhi, na baada ya misa wote watakula.

Alizeti imepandwa yote upande wa chini, Baba, kama ulivyosema. Hatutaacha kukutaja, kizazi hiki na kile kijacho.