Balozi Asiye Mdogo

Balozi,

Shikamoo. Safari hii nimekuwahi. Miaka yote ile ulikuwa unanitangulia wewe, mzee wa miaka karibu themanini unampa shikamoo mwanamke wa thelathini na kitu, mbele ya wateja, nami sijui niweke wapi uso. Nilikueleza mara ngapi kwamba mkubwa haamkii mdogo hivyo? Uliwaamkia hata watoto wa darasa la kwanza wanaosubiri usafiri wao pale kwenye robot, taa za barabarani, wakaanguka vicheko. Ulisema katika kazi yako hujamwona mtu aliyefukuzwa kwa kuzidisha heshima. Basi leo hata marahaba itabidi nijijibie mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa steshenari, kwenye kiti chako cha karibu na mashine ya fotokopi, kile ulichokuwa unasogeza hadi ukutani upate pa kuweka magoti. Nina habari mbili. Ya kwanza ni ya kitabu, nacho nusura kife kwa ajili ya neno moja. Na neno lenyewe ni kosa langu.

Unakumbuka lilivyoanza. Uliingia dukani kwangu na flashi mkononi, ukainamisha kichwa usigonge mlango. Ulikuwa umehamia ghorofa ya tatu ya jengo letu wiki ile, na ulitaka mtu wa kukuchapia maisha yako kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Nikakuuliza kazi yako, nipate la kuandika kwenye faili. Ukasema ulikuwa konseli wa Chile, umestaafu, mkeo amezikwa hapa Durban na wewe huendi popote bila yeye. Sikujua konseli ni nani kwa Kiswahili. Nikampigia binamu yangu Tanga, yeye ni mwalimu, akaniambia ni balozi mdogo. Nikakutazama ulivyoujaza ule mlango. Mdogo gani huyu? Nikacheka peke yangu, nikaandika kwenye faili BALOZI kwa kalamu nyekundu, nikaona nimemaliza.

Shomari, Mtanzania mwenzangu anayetengeneza simu duka la pili, ndiye aliyeliona faili. Kwetu mabalozi ni wa aina mbili. Kuna yule wa bendera kwenye gari, na kuna balozi wa nyumba kumi, ambaye ni jirani tu mnayempelekea ugomvi wa kuku na barua ya utambulisho. Shomari hakuwaza bendera. Jioni ile ile alikugongea mlango kumshtaki Mama Bénédicte wa saluni, kwamba anaanika taulo zake kwenye kamba zote za paa na watu wengine wanavaa nguo mbichi.

Mtu mwingine angemfungia mlango. Wewe ulimwekea chai na ukatoa daftari. Kesho yake ukapanda juu kumsikiliza Mama Bénédicte, naye akakueleza kwa Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa na mikono yote miwili. Siku ya tatu ukaniletea karatasi niichape: mkataba wa kamba, vifungu vinne, kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza. Taulo za saluni Jumatatu na Alhamisi. Kamba ya karibu na tangi haina mwenyewe. Nguo za ndani zianikwe katikati, ili heshima ya kila nchi ilindwe. Kile kifungu nilikichapa huku machozi ya kicheko yananitoka, nawe uso mkavu kabisa, unaniambia hivyo ndivyo mikataba inavyoandikwa.

Waliusaini kule juu ya paa. Mama Bénédicte alivaa kitenge chake cha kanisani. Ukaupigilia msumari ngazini, na toka siku ile hatukuwahi tena kugombania kamba. Badala yake ikawa kila asubuhi nasikia sauti yake: "Balozi iko wapi? Maji inamwangika ku escalier!" Nawe unashuka zile ngazi polepole, umevaa koti, kwenda kutazama bomba. "Maji ni mgonjwa," unatangaza kwa Kiswahili chako. Hatukukusahihisha, maana yalikuwa mgonjwa kweli.

Ulipogundua tunakuita balozi wa aina gani, nilitamani ardhi inimeze. Uliuliza ni nyumba ngapi. Nikasema kumi. Ukahesabu milango ya ghorofa yetu, ukapata kumi na miwili, ukasema basi umepewa nchi mbili za ziada. Sikujua kama ulikuwa unacheka au unanisitiri. Hilo ndilo lililokuja kunitesa baadaye.

Maisha yako nayajua kwa vidole vyangu, kwa sababu nimeyachapa. Najua ulivyokuwa kijana mwenye kazi mpya ya ubalozi, suti moja na viatu vya kuazima, wanajeshi waliposhika nchi yenu. Najua uliletewa karatasi utie saini, yenye maneno uliyojua si kweli. Ukaandika barua ya sentensi moja, kwamba mkono wako hauwezi kuandika usichokijua, ukaacha funguo mezani ukaondoka. Sentensi moja tu! Mimi ningeandika kurasa nne na kuomba radhi katikati. Ukaosha vyombo kwenye hoteli ya watu miaka mingapi sijui, na kitabu chako cha kwanza ukakiandika nyuma ya karatasi za menyu. Mambo yalipobadilika kwenu wakakuita tena, ukarudi kazini, bandari hii na bandari ile, ukikaa nyuma ya dirisha na kugonga mihuri. Mabaharia wenu walipougua ugenini ulikwenda kukaa nao hospitali ukiwasomea magazeti ya kwao. Vitabu vyako vinne vilivyofuata ni vya watu waliosimama mbele ya dirisha lako. Kila nikimaliza sura nilikuwa natoka nje kidogo, nasimama kwenye jua, najisikia mrefu.

Ubalozi wenyewe hukuupata. Uliniambia mara moja tu, tumekaa kwenye ukuta wa bandarini tunatazama meli ikipita kati yetu na kile kilima cha Bluff ng'ambo, kwamba wenzako wote ulioanza nao walifika kwenye gari la bendera. Hukulalamika. Uliniuliza tu kama wino wa printa umefika.

Ulipoanza kunisukuma nitie kitabu chako cha mwisho kwenye Kiswahili nilidhani unatania. Mimi na fomu za watu na picha za pasipoti, niandike kitabu? Miaka miwili, Balozi. Unanisomea kwa Kiingereza ukiwa umeshika cha Kihispania, mimi naandika, unaniomba nikusomee kwa sauti ingawa nusu huielewi. Ukisikia nimejitia makuu unainua kidole. "Zuhura, umeivalisha sentensi koti. Hapa ni Durban." Na wewe mwenyewe umevaa koti, Januari! Lakini nilikuwa naivua, na kweli inapumua.

Ulifariki tukiwa tumebakiza sura ya mwisho. Nimeimaliza peke yangu na kidole chako nilikuwa nakiona. Siku ya mazishi Mama Bénédicte alifunga saluni, Shomari alifunga duka, tukajaa teksi mbili hadi makaburini upande wa Queensburgh, tukakulaza pembeni ya mkeo. Dereva mmoja aliuliza ni nani amekufa. Jengo zima likajibu kwa mpigo mmoja, "Balozi." Akapunguza sauti ya redio.

Kisha nikamtumia Inés, binti yako, jalada la kitabu, kwa sababu ruhusa sasa ni yake. Nilikuwa nimeandika juu jina lako na neno Balozi mbele yake, bila hata kufikiri. Akanijibu kutoka Chile, kwa adabu, lakini maneno yalikuwa baridi. Alisema amelitafuta hilo neno. Baba yake hakuwa balozi, na maisha yake yote hakujipa cheo asichokuwa nacho. Akasema huo ni uongo, na uongo juu ya jina la baba yake hautachapwa. Niliondoe au asitoe ruhusa.

Nililia. Halafu nikakasirika, nikasema anatujua sisi huyu? Halafu nikaona ana haki, na hapo ndipo palipouma. Kwa sababu ni kweli, kule kwenye karatasi za serikali yenu hukuwa. Shomari aliniambia weka hiyo "mdogo" yaishe, dada, sharp. Nikaiweka. Nikaitazama kwenye skrini siku nzima, wateja wanaingia na kutoka. Balozi Mdogo. Sikuweza. Na swali likanijia: labda ulituvumilia tu. Labda miaka yote ile tulipokuita hivyo ngazini, neno lilikuwa linakuchoma, tunakukumbusha kila asubuhi kitu ulichokikosa, nawe kwa heshima yako iliyozidi ukawa unaitika. Na mimi ndiye niliyeanzisha, kwa kicheko changu na kalamu nyekundu.

Mwezi uliopita Inés alikuja kuweka jiwe la kaburi. Balozi, ni wewe mtupu! Aliingia dukani akainamisha kichwa vile vile, nami moyo ukaruka. Tulisalimiana kama watu waliogombana kwa barua. Akaomba aone ulipoishi. Lifti, unaijua, haijaamka bado, na maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu, kwa hiyo tulipanda tukipishana na ndoo. Mama Bénédicte akashuka na yake kichwani, akasimama, akamtazama Inés juu hadi chini, akasema, "Eish! Huyu ni mutoto ya Balozi." Inés alilisikia neno. Nikaona alivyokaza mdomo, nikatazama chini.

Tulipofika kona ya ghorofa ya tatu hakupita. Alikuwa amesimama mbele ya mkataba wa kamba. Mimi niliutia laminesheni kwa mkono wangu, siku ambayo foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imefika barabarani, na sikuusoma tena. Nani anasoma mkataba wa kamba alioupiga chapa mwenyewe? Na wewe uliupigilia kwa kimo chako, mzee wangu, mimi na ufupi wangu nauona kwa chini chini tu ninapopita. Lakini Inés macho yake yalilingana nao kabisa. Alisoma, akaanza kucheka kwenye nguo za ndani, kisha kicheko kikakatika. Akaweka kidole.

Nikasimama kwenye ngazi ya juu yake ili nione. Chini ya saini za Shomari na Mama Bénédicte, pale nilipokuwa nimechapa "Shahidi", ulikuwa umekata hilo neno kwa mstari mmoja. Pembeni, kwa mkono ule unaotetemeka, umeandika jina lako lote. Na chini yake: Balozi, nyumba kumi na mbili.

Inés alikaa ngazini, watu na ndoo wanampita. Halafu akaniambia kwamba baba yake aliacha kazi, akaosha vyombo, akamlea yeye kwenye chumba kimoja, kwa sababu ya kukataa kusaini kitu kisicho kweli. Akakigusa tena kile kioo cha plastiki. Akasema, "Liache."

Basi nimeliacha. Kitabu kimetoka, kiko mbele yangu, nimekinusa mpaka Shomari ananicheka. Jina lako, na mbele yake Balozi, hakuna mdogo. Jumapili tulikwenda paani, nikawasomea sura ya mabaharia huku taulo zikipepea, ingawa haikuwa siku yake. Mama Bénédicte alisema kifungu cha kwanza kimevunjwa kwa heshima yako. Najivuna, mzee wangu. Najivuna nawe, na leo nakiri, najivuna na mimi pia. Ulinikuta napiga chapa maneno ya watu.

Habari ya pili ni fupi, na unaweza kucheka. Jana asubuhi bomba lilipasuka tena, na Mama Bénédicte akaanza kupiga kelele kule juu. "Balozi mdogo iko wapi? Balozi mdogo!" Niliendelea na fotokopi yangu, nikidhani kuna mgeni. Mpaka Shomari akachungulia mlangoni akaniambia, dada Zuhura, huendi? Unaitwa wewe.

Hawakuniuliza, wamekaa tu wakaamua. Lile neno nililokukatia siku ya kwanza kumbe lilikuwa linangoja mtu wa kimo chake.

Kwa hiyo nakuahidi. Karatasi yenye neno la uongo haitapata saini yangu. Mkataba utabaki kwenye kimo chako, nami nitakuwa napanda kigoda kuusoma. Nimeanza kuandika kitabu changu, watu wa ngazi hizi, na nitazivua koti sentensi zote. Kesho nitapita pale kwenye robot, wale watoto wakikaribia tu, nitawawahi mimi na shikamoo.

Lala salama pembeni ya mkeo. Maji ni mgonjwa, wananiita juu, ngoja nikatazame.

Marahaba, Balozi.

Zuhura,
balozi mdogo, nyumba kumi na mbili