Kibudu hakipigi teke

Alhamisi, baada ya isha

Taya bado linauma. Mimi, mwenye bucha ninayejulikana kutoka Galbet mpaka Elwak, leo nimepigwa usoni kwa paja la ndama niliyemchinja mwenyewe.

Aliyenipiga ni Abdi, mpishi wa harusi. "Umeniletea kibudu, walaal, mnyama aliyejifia bila kuchinjwa. Ndama wa maziwa nyama yake imepauka. Hii ni nyeusi kama ini." Akanitandika tena kwa paja lile lile. Watu wakaokota mawe. Hapa kwetu ukishaitwa muuza mizoga, hata salamu yako haijibiwi.

Nikatema damu, nikasema ukweli. Ndama alikuwa wa kunyonya tu, hajaonja jani. Lakini asubuhi alikata kamba, na shemeji yangu Shukri akamkimbiza mtaa mzima akimcharaza fimbo. Nikamchinja bado anahema. Mnyama akifa na hofu na uchovu, nyama yake inakuwa nyeusi. Nilitaka apumzike kivulini kwanza, lakini haraka ya harusi...

Abdi akacheka, akashika kisu.

Ndipo eddo Halima, mama wa bibi harusi, akaingia katikati yetu. Akainua pindo la gauni lake la dira, akaonyesha muundi uliovimba kama ngumi. "Huyo ndama alinipiga teke leo asubuhi akipita mlangoni kwangu. Kibudu hakipigi teke. Abdi, weka sufuria motoni."

Mawe yakaanguka chini.

Abdi hakuniomba radhi, ila sahani ya kwanza alinipakulia mimi. Nilishindwa kutafuna. Nikampa Shukri, akala akiwa na jicho moja tu lililo wazi. Lile lingine nililifumba mimi, kwa ngumi.