Jael Khalayi Aliyeandikwa Marehemu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kakamega. Tarehe 24 Machi 1997, saa nne asubuhi.

Jina: Chrispinus Andati Shikanga
Umri: Miaka 27
Kazi: Karani wa kompyuta
Makazi: Lurambi

Ninafanya kazi katika zahanati ya kibinafsi karibu na Butali. Mnamo Agosti 1996 tulipata programu ya kuandikisha wagonjwa. Ilimpa kila mgonjwa nambari yake. Mimi niliibadilisha ili mgonjwa atambuliwe kwa nambari ya kitambulisho, kwa sababu watu walikuwa wakipoteza kadi. Muuguzi mkuu, Sista Edah Lusweti, aliniambia kina mama wengi hawana vitambulisho. Nikawaweka chini ya nambari za waume zao. Niliona nimemaliza tatizo.

Jael Khalayi, mgonjwa wa kisukari, alikuwa mmoja wao. Hakuwa na friji ya kuhifadhia dawa, kwa hivyo alikuja kila asubuhi kudungwa insulini. Mumewe, Wandera, mkata miwa, alifariki tarehe 9 Machi 1997.

Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, niliingiza kifo cha Wandera kwenye kompyuta. Saa mbili na nusu Jael alifika dirishani kwangu. Kompyuta ilionyesha kuwa yeye pia ni marehemu. Sista Edah alikuwa likizoni, na muuguzi wa zamu, mgeni hapo, hakutoa dawa bila karatasi ya kompyuta.

Mimi nilimfahamu. Miezi saba tulikuwa tukisalimiana.

Aliniuliza, "Mwanangu, si unaniona?"

Nikamjibu, "Nakuona, mama. Lakini kompyuta inasema hauko."

Nilimwambia alete barua ya chifu kwamba yu hai. Ningeweza kumwandikia karatasi hiyo kwa mkono. Niliogopa kuvunja utaratibu nilioupanga mwenyewe. Alijifunga leso vizuri, akanishukuru, akaenda.

Baadaye nilisikia kuwa chifu alikuwa mkutanoni mjini wiki hiyo.

Ijumaa tarehe 21, saa tano mchana, binti yake, Navalayo, alikuja kusema mamake amefariki alfajiri. Hakunigombeza. Nilimuuliza mbona hawakumrudisha kwetu, au kumpeleka hospitali nyingine. Alisema walimsihi siku tatu, akakataa. Halafu akasema:

"Alituambia labda kompyuta ilijua kabla yetu. Kwamba baba ameshamwita."



Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, ni sawa, na sina la kupunguza.

Sahihi: C. A. Shikanga

Yameandikwa nami, Konstebo Kipyegon. Shahidi alizungumza Kiswahili kwa hiari yake. Baada ya kutia sahihi aliomba kuketi kidogo kabla ya kutoka. Nilimruhusu.