Kadi ya Mkamwana

Ihanda, Karagwe
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Rugu, na mgongo unaendeleaje? Huku kwetu watoto wazima, mvua zimeanza na migomba imechangamka. Naandika na kuituma barua kwa bodaboda kwa sababu kwenye simu ungenikatiza nikanyamaza. Najua pia kwamba kwa macho hayo, anayekusomea ni Prudensia, mke wa Gaspari wetu. Wifi, hujambo. Soma yote, hata yasiyokupendeza.

Mama, tangu niache uhasibu kwa wanunuzi wa kahawa nikasimamie kitalu changu cha miche, mshahara sijaulilia. Kilichoniuma ni bima. Miaka yote ulitibiwa kwa jina langu. Karani wa hospitali akiuliza nani anakuchangia, ulijibu kwa sauti ya kufika hadi dirisha la dawa kwamba ni Vestina, binti yako. Ajira yangu ilipokoma, kadi yako nayo ikakoma. Kabla sijajua pa kuanzia, Prudensia akakuandikisha kwenye bima yake ya ualimu, akakupa nafasi iliyokuwa ya mama yake mzazi kule Kibingo.

Nilishukuru kwa mdomo. Rohoni nilikuwa nachemka. Niliposikia kwamba ulisimama jumuiyani ukasema Mungu amekupa mkamwana anayewazidi mabinti, chakula kilinishinda. Mabinti gani, Mama? Unaye mmoja tu! Wanasema damu ni nzito kuliko maji, ila mimi niliona kadi imekuwa nzito kuliko damu. Hata kile kitenge alichokununulia nilikisema kibaya, na ni kizuri.

Basi nikaenda Kayanga kujikatia bima ya kujilipia, nikakuweka na wewe. Binti wa pale ofisini alinieleza kwa upole kwamba anayejiunga mwenyewe hungoja miezi kadhaa kabla ya kulipiwa upasuaji wa kupangwa, na kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho umo humo. Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nilitoka nje nikampigia Prudensia, nikamwambia akuondoe kwake kwa kuwa mama yangu sasa yuko kwangu. Aliniuliza mara mbili kama bima yangu imeshaanza, hata kwa hilo jicho. Nikamjibu imeanza, tena nikamuuliza kama ni yeye aliyezaliwa na wewe au ni mimi. Alikuondoa, akamrudisha mama yake.

Wifi, nilikudanganya. Mama, kadi niliyokuletea kwa mbwembwe, mpaka nikaionyesha kwa majirani, haitalipia upasuaji wa jicho lako Alhamisi hii. Ungefika hospitalini wakakurudisha nyumbani na giza lako, kwa sababu tu mwanao hakuvumilia jina la mwanamke mwingine litajwe dirishani. Nimekaa na jambo hili hadi nimekonda. Lakini mama yake Prudensia asiguswe, ile nafasi ni yake.

Nimemuuzia Hatibu wa duka la pembejeo miche yote ya msimu huu, kwa bei aliyoitaka yeye. Tutalipa taslimu. Kitalu nitakianza upya, mbegu zipo. Nitafika Jumatano jioni, tulale wote, asubuhi tuondoke.

Msalimie Gaspari, mwambie asinifokee mbele ya watoto. Wasalimie pia wanajumuiya, hata wale walioniletea umbea.

Wifi, najua hapo ulipo umekasirika, na haki unayo. Ulimtendea mama yangu mema kuliko nilivyomtendea mimi, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nina ombi la aibu, nalo pia msomee asikie. Nakuomba usije hospitalini, wala Alhamisi wala Ijumaa. Bandeji ikitolewa, nataka sura ya kwanza atakayoiona iwe yangu.

Akupendaye na akuoneaye wivu,
Binti yako wa pekee,
Vestina